Shimo la Kumi

Shule yetu ilikuwa inafungwa Ijumaa, na kufikia Jumatatu ya wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha mara mbili. Mvua mbili zinatosha kulainisha ardhi ya juu na kuwafanya watu wazima waanze kugombania mipaka ya mashamba. Mwalimu wa bustani alisema tusingoje ya tatu. Miche ya mipapai ilikuwa tayari, kumi, imekaa kwenye vifuko vyeusi nyuma ya ofisi. Ikibaki pale likizo nzima ingeliwa na mbuzi wa jirani, kwa sababu mbuzi wa jirani hawakuwa na likizo.

Mkuu wa shule alikuwa na utaratibu wake wa kufunga mwaka. Kila darasa lilipewa kazi ya nje, na darasa ambalo halijamaliza kazi halikupewa ripoti. Darasa la tatu walisawazisha uwanja wa gwaride. La nne walipaka chokaa mawe ya njiani. La sita walipunguza ua wa michongoma, na kila mwaka walitoka na mikwaruzo wakajisifia. Sisi wa darasa la tano tulipewa mipapai.

Kwa wengi wetu ripoti haikuwa kitu cha kukimbilia. Baba yangu akiletewa ripoti aliuliza nimekuwa wa ngapi, akasema "Haya," akaichomeka nyuma ya redio. Lakini kwa mwenzangu wa dawati mambo yalikuwa tofauti, na darasa zima lilijua.

Baba yake alikuwa mchimbaji. Kila ilipotoka habari kwamba mahali fulani watu wamepata dhahabu, baba yake alifunga godoro na sufuria, wakaondoka siku hiyohiyo. Hakuwahi kupita shuleni kuaga. Kwa hiyo binti alifika kila shule mpya mikono mitupu, na kila shule mpya ilimwambia maneno yaleyale: hatujui umetoka wapi, anza nyuma kidogo. Darasa la nne alilisoma mara mbili. La tano hili la kwetu nalo alikuwa analisoma mara ya pili. Alituzidi wote urefu, hata wavulana, na walimu wageni wakiingia darasani walimuuliza yeye kwanza kwa kudhani ni kiranja.

Sasa baba yake alikuwa anahamia upande wa Geita. Lori la kuwachukua yeye na wachimbaji wenzake lilikuwa linaondoka Ijumaa saa nane mchana. Safari hii binti alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, akaomba fomu ya uhamisho, ili huko aendako aanze la sita. Mkuu akamwambia vizuri tu, "Nitakujazia. Utapewa pamoja na ripoti yako, darasa lako likimaliza kazi." Akarudi dawatini akaniambia, "Nikikosa ile fomu nitasoma la tano mpaka niolewe." Alisema kama mtu anayesema kesho kuna ugali.

Basi tuligawanywa makundi kumi, kila kundi na shimo lake. Sisi tuliokaa dawati za nyuma tukawa kundi la kumi. Tulikuwa wanane. Nusu yetu tulitoka kijijini, kwenye nyumba za ng'ombe na pamba, na nusu walitoka kambini, kwenye nyumba za maturubai karibu na machimbo. Mwenzangu akafanywa kiongozi wa kundi kwa sababu ya urefu. Mimi nikafanywa katibu wa darasa zima kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Unasomeka kwa kuwa naandika polepole. Ukatibu ulinifaa, kwa sababu katibu haongei.

Mwalimu wa bustani alitusimamisha mbele ya vigingi kumi alivyokuwa amevipanga kwa kamba, akatoa maelekezo.

"Chimbeni mpaka udongo ubadilike rangi. Udongo wa juu wekeni kushoto, wa chini wekeni kulia. Siku ya kupanda tutarudisha ule wa juu kwanza, umechanganywa na samadi. Mmenielewa?"

"Ndiyo mwalimu!"

"Katibu, kila jioni andika kila kundi limefika wapi."

Kisha akapanda pikipiki kwenda Kahama kwenye semina ya siku tatu. Walimu waliobaki walikuwa ofisini wanasahihisha mitihani. Dirisha la ofisi linatazama bustani, na walichokiona kwa siku tatu ni watoto wanaofanya kazi bila kelele, jambo ambalo mwalimu yeyote akiliona anafunga pazia na kushukuru.

Makundi mengine tisa yalimaliza Jumatatu kabla ya saa sita. Udongo wa kwetu juu ni mweusi, na ukifika kina cha magoti unaanza wekundu. Watoto wa kijijini wanajua kwamba pale ndipo shimo la mpapai linapoishia. Mimi mwenyewe nimeshika jembe la kupandia mipapai nyumbani tangu nikiwa mdogo. Niliona wekundu kwenye shimo letu la kumi, nikapima kwa kijiti, nikaandika: *Kundi la kumi. Futi mbili. Udongo mwekundu. Umebadilika.*

Nikangoja waweke majembe chini. Mwenzangu hakuweka. Alichukua bonge la ule udongo mwekundu, akalivunja kwa vidole, akalinusa, akasema, "Unaanza."

Mvulana mmoja wa kijijini akamwambia, "Unaanza nini? Umeshafika."

"Mwalimu kasema mpaka ubadilike. Sasa ndiyo kwanza unabadilika. Ukiacha wakati unabadilika, umechimba nini?"

"Nyie wa kambini mnachimba kama mnazika mtu."

"Na nyie wa kijijini mnachimba kama mnakuna mgongo," akajibiwa na binti mwingine wa kambini, na wote wakacheka, hata yule mvulana.

Sasa yule mvulana naye, akiwa ameshachekwa, hakutaka kuonekana mvivu. Akashika sululu. Hapo ndipo lilipokuwa kosa, kama ni la kutafutiwa mahali. Kwa watoto waliokulia machimboni, udongo kubadilika rangi si mwisho wa kazi. Ni habari njema. Mchimbaji anayekutana na rangi mpya haondoki pale, anaifuata mpaka aone inakwenda wapi. Mwalimu alikuwa amewaambia watoto wa wachimbaji maneno ambayo baba zao huambiana wakati wa kuongeza bidii.

Mimi nilikuwa nimesimama na daftari. Nilijua. Nilijifikiria nikisema, "Jamani, inatosha." Nilijaribu kuisema ndani ya kinywa. Kisha nikafikiria watu saba wakigeuka kunitazama, nikapigia mstari siku ya Jumatatu kwa rula.

Jumanne wakafika futi tano. *Udongo wa kahawia. Umebadilika.* Kijiti changu kikawa kifupi, mwenzangu akanifungia kamba yenye mafundo, kila fundo futi moja, akasema hata kwenye maduara, yale mashimo ya machimboni, wakubwa wanapima hivyo. Aliigawa kazi vizuri sana. Wawili chini, wawili wa kuvuta ndoo, wawili wa kumwaga udongo, mmoja wa kupokezana, na katibu. Watoto wakaanza kumwita Meneja. Watoto wa makundi mengine, waliokuwa hawana la kufanya, walikuja kukaa pembeni na kutazama, na mmoja akaja na karanga za kuchemsha akawa anauza.

Jumatano shimo lilipita futi nane na kuta zikaanza kudondosha. Meneja akasimamisha kazi. Akaenda nyuma ya stoo ambako dawati mbovu zilikuwa zimerundikwa tangu hatujazaliwa, akachagua mbao, akazikata kwa panga na kuzikaza pande nne ili kuta zisiporomoke. Wachimbaji wanaziita matimba. Niliandika: *Futi nane na nusu. Udongo wa njano. Umebadilika. Matimba manne.*

Siku hiyohiyo mkuu wa shule alipita kwa mbali, akaona rundo kubwa la udongo mzuri karibu na bustani, akawaambia darasa la tatu waubebe kwa ndoo wakajaze mabonde ya uwanja wa gwaride. Uwanja ukapendeza. Kwenye gwaride la jioni alisema darasa la tano la mwaka huu lina nguvu, tukapigiwa makofi matatu. Hakuna aliyeuliza udongo ule wote umetoka kwenye nini.

Alhamisi saa nne mwalimu wa bustani akarudi. Nilimwona anashuka kwenye pikipiki, anapita shimo la kwanza, la pili, la tatu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika la tisa alianza kutabasamu. Kwenye la kumi hakuona kundi. Aliona watu wawili wameshika kamba na mimi nimeshika daftari.

"Wenzenu wako wapi?"

Kutoka chini ikapanda sauti ya adabu: "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," alijibu, kwa mazoea. Kisha akasogea ukingoni, akachungulia, akashika kifua. "Nani yuko humo?"

"Ni zamu ya pili, mwalimu. Zamu ya kwanza imekwenda kunywa maji."

"Tokeni! Tokeni sasa hivi! Mmoja mmoja!"

Wakapanda kwa kukanyaga matimba, bila haraka, kama watu waliozoea. Meneja alitoka wa mwisho, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu.

"Mlikuwa mnatafuta nini humo?"

"Rangi, mwalimu."

Mwalimu akaninyooshea mkono, nikampa daftari. Alisoma kwa sauti ndogo, Jumatatu mpaka Alhamisi asubuhi, futi kumi na moja. Kila alipofika kwenye neno "umebadilika" alisimama kidogo. Alipomaliza akanitazama mimi, si wao.

"Na wewe uliandika tu?"

"Ndiyo mwalimu."

"Kwenu hampandi mipapai?"

"Tunapanda mwalimu."

"Shimo linafika wapi?"

Nikaonyesha goti langu. Nilitamani aniulize swali jingine, lolote, hata la hesabu. Hakuuliza. Alinirudishia daftari, na Meneja akalitazama goti langu, kisha akalitazama shimo. Nafikiri ndipo alipojua kwamba fomu yake ilikuwa mle ndani, chini ya futi kumi na moja.

Mkuu wa shule akaja. Alitembea kulizunguka shimo mara mbili, mikono nyuma.

"Jazeni," akasema. "Mpaka lijae na mche upandwe, darasa la tano hakuna ripoti, hakuna fomu, hakuna chochote."

"Udongo wake uko wapi?" mwalimu wa bustani akauliza.

Sote tukatazama uwanja wa gwaride. Mkuu naye akatazama. Darasa la tatu walikuwa wameushindilia vizuri, na walikuwa wanarukia kamba juu yake.

"Tafuteni mwingine," akasema, akarudi ofisini.

Makundi mengine yalipanda miche yao tisa haraka, kisha Alhamisi yote iliyobaki darasa zima lilikusanya udongo. Watoto wa kijijini walijipanga mstari mmoja kama wanavyolima baba zetu wakialikana mashambani, majembe yakipanda na kushuka pamoja, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Watoto wa kambini walibeba, kwa sababu kubeba wanajua. Mimi niliitikia wimbo kwa midomo bila sauti. Kufikia jioni tulikuwa tumemwaga ndoo nyingi kiasi kwamba mabega yaliuma, na Meneja akashusha kamba yangu ya mafundo. Ikarudi na jibu la futi tisa. Ukilitazama shimo kutoka juu ungedhani hatujamwaga kitu.

Asubuhi ya Ijumaa wazazi wakaanza kufika kwa ajili ya kufunga shule. Mama zetu walikaa kwenye nyasi wamevaa kanga nzuri, wakisalimiana "mwangaluka" mmoja baada ya mwingine bila kuruka mtu. Madarasa mengine yakaitwa, yakapewa ripoti. Sisi tulikuwa bado tunamwaga udongo. Baba wa Meneja akaja saa sita na nusu na begi begani. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Niliwahi kudhani angekuwa mrefu.

"Twende," akamwambia binti yake. "Dereva hamngoji mtu."

"Sijapewa fomu, baba."

"Fomu gani?"

"Ya shule. Siwezi kuondoka bila ile."

"Mama yako yuko garini tayari, amekalia godoro."

Binti alimwaga ndoo yake, akaenda kujaza nyingine. Baba akamfuata kwa macho, kisha akasogea kwenye shimo. Hapo akabadilika. Aliweka begi chini, akachuchumaa, akagonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza.

"Nani amekaza matimba haya?"

"Mimi, baba."

"Hilo la kushoto limelala kidogo." Akaokota jiwe jeupe lililobaki ukingoni, akaligeuza, akalitupa. "Hapa hakuna kitu. Lakini limenyooka. Limenyooka kuliko langu."

Mkuu wa shule alikuwa amefika, na bahasha kwapani. Wakasalimiana habari za siku nyingi ingawa hawakuwahi kuonana.

"Mzee, kazi haijaisha," mkuu akasema. "Shimo lazima lijazwe, ndio utaratibu."

"Mwalimu, shimo kama hili halijazwi. Hawa watoto watamwaga mpaka Pasaka." Alifikiri kidogo. "Kule kwetu shimo lisilo na kitu tunalipatia kazi nyingine."

"Kazi gani?"

Baba wa Meneja akatazama huku na huku. Ng'ambo ya bustani kilikuwepo choo cha wanafunzi, chenye matundu mawili, moja limezibwa kwa bati kwa kuwa limejaa. Nje yake palikuwa na mstari wa watoto wa darasa la kwanza wakiruka kwa mguu mmoja mmoja.

"Wale wanangoja nini pale?" akauliza.

Mkuu akatazama mstari. Kamati ya shule ilikuwa imekaa vikao vya shimo la choo tangu mimi niko la pili, na kila kikao kilikubaliana kukutana tena. Mkuu alitazama shimo, akatazama choo, akapima umbali kwa hatua, hatua ndefu, akihesabu kwa sauti.

"Choo katikati ya mipapai?" mwalimu wa bustani akasema.

"Mipapai haitalalamika," mkuu akasema. Kisha akatugeukia. "Wekeni magogo juu asianguke mtu. Lakini nilisema mipapai kumi, na ninaona tisa."

Ilikuwa saa saba na robo. Mwalimu wa bustani akapima nafasi upande wa pili, mbali na lile la kwanza, akachoma kigingi. Kundi letu zima likashika majembe. Tulichimba kwa namna ambayo sijaiona tena: wawili wawili, jembe linaingia lingine likitoka. Meneja alikuwa ndani, anapiga kama mtu anayefukuzwa. Baba yake alikuwa anatazama jua. Ule mweusi ukaisha, nikaona wekundu kidogo kwenye pembe.

"Basi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Majembe yaliendelea.

"Basi! Inatosha! Tokeni!"

Wakageuka wote saba, na baba mmoja, na walimu wawili, na mama yangu kule kwenye nyasi. Meneja alikuwa amenyanyua jembe juu.

"Una hakika?" akauliza. "Bado ni pembe moja tu."

"Pembe moja inatosha. Lete mche."

Akashusha jembe. Mwalimu wa bustani alikuwa tayari amechana kifuko cheusi. Tukarudisha udongo wa juu kwanza na samadi, tukashindilia kwa mikono, tukamwagia maji ya kopo. Mche ulikuwa umeinama kidogo kwa kubebwa mbiombio kutoka nyuma ya ofisi.

Mkuu akafungua bahasha juu ya goti lake, akajaza fomu pale pale, akamtuma kiranja mhuri. Kiranja alikimbia. Mhuri ulipogongwa mara ya kwanza haukushika wino. Ya pili ukashika. Mkuu akasoma kwa sauti, "Amemaliza darasa la tano. Aendelee na la sita." Meneja akaipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa mikono ilikuwa na matope akaishika kwa ncha za vidole tu, akaitia ndani ya daftari, na daftari ndani ya begi la baba yake. Baba akasema, "Haya sasa," wakaondoka kwa mbio kuelekea barabara ya Segese. Hatukuagana. Alikuwa anafunga begi huku anakimbia, na mimi nilikuwa bado nimeshika rula.

Mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa, simu ya mama ililia jioni moja tukiwa tunapeta mtama. Namba ilikuwa ngeni. Mama akasikiliza, akanipa. "Ni mtoto wa kike. Anataka katibu."

"Niko la sita," sauti ikasema, bila salamu.

"Wamekubali?"

"Walisoma ile fomu wawili, wakaigeuza nyuma, wakaniambia niingie."

Nilikuwa na jambo la kusema na nililitafutia maneno, na yeye akangoja, kwa sababu alikuwa amezoea kuningoja dawatini. Nikamwambia kwamba mimi nilijua tangu Jumatatu kuwa tumepita kina, na sikusema.

"Najua," akasema. "Niliona goti." Kisha akauliza, "Nyie hesabu mmefika wapi?"

"Sehemu. Kujumlisha sehemu."

Nikasikia anafunua kurasa.

"Na sisi," akasema. "Na sisi tuko kwenye sehemu."